Manati ya Kunasia Sauti ya Mama

Mama alipoiona mara ya kwanza mezani, kati ya birika la chai na sahani ya maandazi, aliuliza swali moja tu: "Baba, na hiyo manati utampiga nani?"

Hakukosea sana. Kilikuwa kipande cha bomba la plastiki chenye mpini, juu kimegawanyika kama panda ya mti, na mpira umevutwa kutoka upande huu hadi ule. Utotoni kule Pangani mpira kama huo tuliukata kwenye tyubu za baiskeli zilizokwisha, tukashinda kutwa tukiwawinda ndege ambao, tukisema kweli, hatukuwapata. Sasa niko Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth, nafanya kazi ya usiku kwenye ghala, nina mvi mbili tatu, na manati yangu haikuwa ya kumpiga mtu. Ilikuwa ya kushikia maikrofoni.

Mimi si fundi. Kilichonifikisha kwenye kukata mabomba usiku wa manane ni kosa langu mwenyewe, na nalieleza hapa kwa sababu najua wengi wenu mko njiani kulifanya.

Miaka mitatu nyuma nilikwenda nyumbani likizo. Baba alikuwa bado anatembea. Nilikuwa nimenunua kinasa sauti kidogo, ukubwa wake kama rimoti ya televisheni, kwa nia ya kumrekodi. Ujanani alikuwa mtu wa majahazi, Pangani kwenda Unguja na kurudi, na alijua mambo niliyokuwa nayasikia nusunusu tangu mdogo: majina ya pepo, namna ya kupandisha foromali, nyimbo walizoimba wakivuta kamba. Alikataa kuzungumzia sebuleni. Mambo ya bahari, alisema, yanasemwa baharini. Tukashuka ufukweni, tukakaa juu ya gogo la mnazi. Ulikuwa mwezi wa saba na upepo wa kusi umeshika. Nikamwelekezea kile kinasa sauti mdomoni, nikakishika saa nzima na dakika 20, nikihamisha mkono kila uliponichoka.

Sikuvaa hedifoni. Niliona namba zinakimbia kwenye kioo, nikaamini kazi inakwenda.

Baba alifariki miezi minane baadaye. Mazikoni sikuweza kwenda kwa sababu ya makaratasi. Wenye kujua wanajua. Baada ya arobaini niliketi kwenye gari, nje ya kazini, nikafungua ile rekodi. Nilisikia ngurumo. Upepo ulikuwa unapiga kama ngoma ya msondo, na hata pale ulipotulia kulikuwa na sauti nyingine, ya karibu zaidi: krr, krr, tuk. Ilinichukua muda kuitambua. Ilikuwa mikono yangu. Kila kidole kilichosogea juu ya ile plastiki kiliingia kwa kishindo kuliko maneno ya baba. Katika dakika 80, zinazosikika sawasawa hazifiki 15. Dakika ya 41 anaanza kueleza wimbo wa kupandisha tanga, anavuta pumzi, na mimi ndipo ninapohamisha mkono.

Kwa hiyo Mama alipopata viza na kuja kukaa nasi miezi sita, nilijiapiza. Nilijinyima nikanunua maikrofoni ya mtumba, ile nyembamba ndefu kama tochi inayosikia zaidi mbele kuliko pembeni. Kuhusu vishikio vya dukani, niliviangalia bei nikavirudisha.

Ukitaka kuelewa tatizo, mwite mtoto wako, mwambie alaze sikio juu ya meza, kisha wewe kwaruza meza kwa ukucha upande wa pili. Ataruka. Akiinua kichwa, ukikwaruza vilevile hasikii kitu cha maana. Ndiyo habari yote. Ndani ya maikrofoni kuna utando mwembamba unaotikisika, na utando hauna akili ya kujua mtikisiko umetoka wapi. Uje kwa hewa kutoka kinywani mwa mama yako, au uje kwa plastiki kutoka kidoleni mwako, kwake zote ni sauti, na ile ya kidole ndiyo iliyopita njia fupi na ngumu. Dawa ni kuikata njia hiyo: maikrofoni isiguse kitu chochote kigumu, ielee. Mpira laini haupitishi mitikisiko ya harakaharaka, unainyonya. Mpira ukiwa laini zaidi, na kitu kilichoning'inia kikiwa na uzito wake, ndivyo vidole vinavyopotea.

Nikakumbuka manati. Nikanunua bomba la plastiki la nusu inchi, tii moja na elbo mbili, nikaunga panda, nikavuta raba za nywele za binti yangu wa miaka 12, nikapachika maikrofoni katikati. Binti akavaa hedifoni, mimi nikaanza kukwaruza mpini. "Bado nakusikia, baba," alisema kwa Kiingereza, maana kila nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza. Halafu akaongeza kwamba inalia kama mlango. Kweli. Viungo vya bomba sikuvitia gundi, na kila kiungo kinachocheza kinasema. Tena kwa kuwa mpira ulikuwa mstari mmoja tu, maikrofoni ilikuwa inaitikia kichwa kama mtu anayesinzia kwenye hotuba.

Ya pili ndiyo iliyofaa, na naieleza kwa vipimo kwa atakayetaka kuigiza. Nilitafuta bomba la inchi 3, lile la maji machafu, jipya bila shaka, nikakata pete mbili zenye upana wa sentimita 2 kwa msumeno wa chuma. Kila pete nikaipiga msasa hadi isikwaruze, kisha nikaitia pengo nne ndogo ukingoni, kama saa ingekuwa na namba nne tu. Raba za nywele zinashikwa kwenye mapengo hayo na kukatiza ndani ya pete, zinakutana katikati na kuacha kijumba cha mraba. Maikrofoni inapita humo, imebanwa pande nne na haigusi plastiki popote. Pete mbili nikazikaza kwa skrubu juu ya ubao mwembamba, zikiachana sentimita 9, moja karibu na kichwa cha maikrofoni na nyingine karibu na mkia. Chini ya ubao, kipande cha mpini wa ufagio, sentimita 13, nikakivisha raba ya mpini wa baiskeli kwa maji ya sabuni. Mama alishika ubao nilipokuwa natoboa. Yeye drili anaiita keekee, na nilifurahi kwamba binti alilisikia neno hilo likitumika na kitu chenyewe kikizunguka mbele yake.

Tukajaribu. Binti akafumba macho. Nikakwaruza. "Kidogo," alisema. Kidogo kilitoka wapi, wakati maikrofoni inaelea? Tulihangaika siku mbili. Nikalegeza raba, nikazikaza, nikabadilisha. Kumbe ni waya. Waya wa maikrofoni ulikuwa mnene na umenyooka kutoka mkiani hadi kwenye mpini, umekaza kama kamba ya kuanikia, na ulikuwa unabeba kila kitu kutoka mkononi na kukipeleka juu kwa mlango wa nyuma. Nikabadilisha na waya mwembamba, laini, nikauacha ufanye kitanzi kilicholegea nyuma ya maikrofoni kabla ya kuufunga kwenye mpini kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Kimya. Binti alifumbua macho akauliza kama bado nakwaruza.

Ukisahau mengine yote usisahau waya.

Upepo ni adui mwingine na haushindwi na raba. Nje Mama aliniuliza kwa nini vya kwenye televisheni vimevaa manyoya, na nilipomweleza kwamba nywele zinauvunja upepo kabla haujafika, alidai kitambaa. Tulipata kipande cha manyoya bandia kwenye kikapu cha vipande vya bei ya chini. Nikakunja wavu wa waya ukawa kama kichungi kirefu kuzunguka pete, ili kuwe na hewa iliyotulia kati ya manyoya na maikrofoni, upana wa vidole viwili hivi. Manyoya yakigusa maikrofoni yenyewe hayafai sana. Mama akashona juu yake kwa mkono, kwa sindano na uzi aliokuja nao. Kitu kikawa cha kijivu, kinene, na wanangu wakakiita Paka. Mdogo alitaka kulala nacho.

Niseme kidogo juu ya wenzetu waliotutangulia, maana usiku nikiwa natoboa nilikuwa nawawaza. Mwaka 1928 Siti binti Saad alipanda meli kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri. Mashine ilikuwa huko, basi sauti ikaifuata. Mwaka 1950 mambo yaligeuka: Hugh Tracey, aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Afrika Kusini mwaka 1954, alizunguka Kenya na Tanganyika na mitambo yake garini akiwafuata waimbaji walipo. Picha zinamwonyesha akiwa katikati ya watu, maikrofoni mkononi. Kapkatet, kwa Wakipsigis, aliwarekodi wasichana wakimwimba mtu aitwaye Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, jina lake limepita kwenye ndimi za Wakipsigis na kutoka na sura mpya. Santuri zake zilifika Kenya, yeye hakufika, alifariki 1933. Na nyumba aliyojijengea mwaka 1929 ilikuwa Kerrville, Texas hii hii, zaidi ya saa nne kwa gari kutoka kwangu. Miaka zaidi ya 60 baada ya Tracey, rekodi zile zilirudishwa Kapkatet, na baadhi ya waliokuwepo siku ile walikuwa bado hai kuzisikia. Nilimsimulia Mama. Aliguna, akasema basi yeye ni kama Siti, ameletwa kwa mashine, ila Siti alilipwa.

Tukaanza kurekodi mwezi wa nane, na hapo ndipo nilipojua nyumba yetu ina kelele kiasi gani. Kiyoyozi ukikizima mwezi wa nane Texas, dakika kumi nyumba ni tanuri. Watoto walilalamika. Mama alifurahi, tangu aje alikuwa anavaa sweta ndani ya nyumba. Friji nayo inanguruma, nikawa naizima na kuweka funguo za gari ndani yake, ili nisiweze kwenda kazini bila kukumbuka kuiwasha tena. Huo ni ujanja wa zamani wa warekodi na nawapa bure. Nje, nyenje wanapiga kelele kwenye miti kuanzia asubuhi, na ndege zinapita juu yetu, kwani uwanja wa DFW uko kaskazini yetu tu, na wenyeji wa hapa wamekwisha kuzoea kunyamaza katikati ya sentensi bila kujua wanafanya hivyo.

Siku moja asubuhi Mama alisimama barazani akitazama juu, akasema kesho zitapita kwa namna nyingine, upepo unageuka. Nilicheka. Kesho yake zilipita kwa namna nyingine. Ndege huruka na kutua zikiuelekea upepo, kwa hiyo upepo wa kusini unazitoa juu yetu zikipanda, na wa kaskazini unazileta zikishuka. Nimekaa hapa miaka 11 sikuwa nimeliona hilo. "Umezaliwa na mtu wa jahazi," alisema, "halafu unaangalia simu."

Alirekodi mengi. Mapishi, ambayo kwa kweli yalikuwa masengenyo yenye vitunguu ndani yake. Hadithi za kuanza na paukwa, watoto wote watatu wakijibu pakawa. Habari za kivuko cha Bweni zama hizo. Majina ya shangazi zake hadi kizazi cha nne, ambayo aliyataja bila kusita kama anasoma. Jumamosi moja tulikwenda River Legacy, ile bustani ndefu kando ya mto Trinity, tukakaa chini ya miti, akalinganisha mto huo na Pangani, na Trinity haukutoka vizuri. Paka akafanya kazi yake. Upepo ulikuwepo, kwenye rekodi haupo.

Ila kulikuwa na jambo sikulitegemea. Mama alitaka kushika mwenyewe. Alisema kumwelekezea mtu mzima kitu mdomoni ni utovu wa adabu, na anayesema ndiye anayepaswa kujua lini ananyamaza. Nikampa. Mikono ya Mama inatetemeka, miaka kadhaa sasa. Raba zangu nilizozilegeza kwa ajili ya mkono uliotulia zilianza kucheza. Maikrofoni ikawa inabembea ndani ya pete, ikagonga plastiki, tok, tok. Aliusoma uso wangu kabla sijasema kitu, akaniregeshea mpini. Nilijisikia vibaya sana.

Usiku huo sikulala kabla ya zamu. Mtetemo wenyewe wa mkono wa Mama ni wa polepole mno, sikio haliusikii. Kinachosikika ni kule kugonga. Kwa hiyo sikuhitaji kuuzuia mkono wake, nilihitaji kuipunguzia maikrofoni nafasi ya kubembea. Niliongeza raba ya pili kila pengo kwenye pete ya nyuma, ya mbele nikaiacha ilivyo, na pete ya mbele nikaivisha ndani ukanda wa sponji, ili hata ikifika iguse laini. Ikawa inapitisha kidogo zaidi ya mwanzo. Kwa binti hedifonini: "Kidogo." Kidogo hicho nilikikubali. Asubuhi nilimpa Mama mpini bila kusema lolote, na yeye hakuuliza.

Wiki ya mwisho kabla hajaondoka nilimsikilizisha rekodi ya baba. Nilikuwa nimeiahirisha miezi mitano. Nilimvisha hedifoni, nikamtafutia dakika ya 41, nikamwambia hapa ndipo anapoanza wimbo, mkono wangu umeuharibu, pengine wewe uliyemzoea utasikia kitu. Alisikiliza mara tatu. Mara ya tatu akaanza kucheka, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, sikujua ni ya namna gani.

"Hakuna wimbo hapo," alisema. "Anakwambia huo hauimbi, mama yenu alimkataza."

Kumbe nyimbo za kuvuta foromali zilikuwa na maneno ya wanaume peke yao. Baba alikuwa anauimba huo nyumbani akichota maji, na Mama, mara tulipoanza kuelewa maneno, alimpiga marufuku. Mwaka wowote ule. Na mzee wa watu, kwenye gogo la mnazi, mke wake yuko nyumbani hamsikii, bado alitii. Miaka miwili nilijilaumu kwa kuupoteza wimbo ambao haukuimbwa.

Nikamuuliza kama yeye anaujua.

"Nimeusikia miaka minane kila asubuhi. Nisiujue?"

Alitoa masharti. Watoto watoke. Usiende kwenye simu ya mtu yeyote. Shemeji zangu wasiupate hasa. Nikazima kiyoyozi, nikazima friji, nikatia funguo. Nikavaa hedifoni mimi, nikasubiri ndege moja ipite. Mama akakaa kitako kwenye mkeka, mpini mkononi, Paka amevuliwa kwa kuwa tuko ndani, mkono unatetemeka kama kawaida yake, akaimba wote, na pale ambapo mabaharia wanaitikia aliitikia mwenyewe kwa sauti nzito ya kujifanya baba. Dakika mbili na sekunde kumi. Nimeisikiliza mara nyingi tangu hapo nikitafuta krr au tok. Kuna pumzi zake, kuna bangili moja, basi.

Asubuhi yake, tukinywa chai, binti yangu aligeuka kwa bibi yake na kwa Kiswahili kilichonyooka, ambacho sijui alikuwa amekificha wapi, akamuuliza maana ya neno moja. Nilimwona Mama akiweka kikombe chini. Mlango wa chumba cha watoto haukuwa umefungwa vizuri.

"Kamuulize babu yako," alisema Mama, na akamsogezea maandazi.